Maafa ya Njiani Hayaletwi na Moja ya Dadu

Miongoni mwa wapenzi wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, yaani michezo ambamo kila mchezaji huvaa nafsi ya mhusika mmoja na dadu huamua matokeo ya matendo yenye shaka, imeota mizizi imani kwamba dadu ya pande 20 hutenda haki inapompa kila mtu ushindi mkuu kwa namba 20 na maafa kwa namba 1. Imani hiyo haistahimili hesabu, na mchezo wowote utakaobuniwa juu ya njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji utaufichua udhaifu wake mapema.

Kila upande wa dadu hiyo una nafasi ya asilimia 5, awe mrushaji ni kirangozi (kiongozi wa msafara) wa Kinyamwezi aliyezeeka njiani au mpagazi wa safari ya kwanza. Na kwa kuwa bingwa mara nyingi huruhusiwa kushambulia zaidi ya mara moja katika zamu yake, anayerusha mara 4 hukabiliwa na nafasi ya takriban asilimia 19 ya kuangukia 1, ilhali mwanagenzi hubaki na asilimia 5. Mchezo wa RuneQuest wa mwaka 1978 ulikwisharekebisha kasoro hiyo kwa kuyafanya maafa kuwa sehemu ya ishirini ya nafasi ya kushindwa, hivi kwamba mwenye ustadi wa asilimia 20 hupatwa nayo kwa asilimia 4, na mwenye asilimia 80 kwa asilimia 1 tu.

Hata hivyo, hesabu hiyo husema maafa huja mara ngapi, wala haisemi hutoka wapi. Mwaka 1871 Waarabu wa Tabora walipomshambulia Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, kikosi chao kilichoongozwa na Soud bin Sayd kilikiteka kijiji cha Wilyankuru, kikaanza kurejea kikiwa na pembe za ndovu na mateka, kisha kikaviziwa njiani na Soud akauawa. Maafa yalizaliwa na ushindi wenyewe, kwa kuwa walioshinda walielemewa na nyara.

Watetezi wa namba 1 hudai kwamba bila pigo la ghafla mchezo hupooza, lakini pigo lile lilikuwa la ghafla kwa walioviziwa tu, si kwa Mirambo aliyelipanga. Kwa hiyo mzigo mzito, hongo isiyolipwa (ushuru wa watawala wa njiani) na kuingia Mgunda Mkali, nyika kame iliyo kati ya Ugogo na Tabora, bila maji ya kutosha, kila kimoja kipanue nafasi ya maafa kwa kiwango kinachotangazwa kabla ya dadu kurushwa, ili mchezaji ajue anachokihatarisha na achague mwenyewe kuendelea au kutua mzigo.