Ukurasa wa nyumba: Moteri ya babu na basani ya mtoto

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na mambo ya akiba ya kikundi. Tutayarudilia, lakini siku ya posho kulitokea jambo kwetu nyumbani, na tumeona tusilinyamazie.

Kwetu kuna Land Cruiser ya zamani, ile fupi yenye taa za duara, aina ambayo Wajapani waliitengeneza tangu 1960 hadi 1984. Ni ya baba mkwe. Wakati wa kukimbia ilibaki chini ya shitingi, na tuliporudi tuliikuta palepale. Sasa baba watoto anataka itembee tena, ibebe viazi na makala toka Masisi. Fundi alipofungua kapo alitikisa kichwa. Ndani kuna rangi juu ya rangi, kuna gudro nyeusi iliyopakwa zamani ili kuzuia kutu, kuna mafuta yaliyoungua yakawa kama ukoko wa bugali, na juu ya vyote kuna vumbi la mawe yetu ya volkano. Akasema hawezi kujua mafuta yanavujia wapi, wala kutu imekula wapi, mpaka uchafu huo utoke. Hapo alisema kweli.

Siku hiyo tulirudi toka soko la Sake na kukuta kazi imekwisha kuanza. Baba watoto na shemeji mdogo walikuwa wakisugua moteri kwa burosi na esanse. Uchafu mweusi ulikuwa unatiririkia ndani ya basani, na basani yenyewe ndiyo tunayoogeshea mtoto. Mbabula yenye maharage ilikuwa inawaka hatua kumi hivi toka pale. Na chupa ya Fanta yenye esanse ilikuwa mikononi mwa kitindamimba wetu, kizibo kimeshatoka.

Tuliitupa mizigo na kumnyang'anya. Alilia sana. Tulimnusa mdomo, tukamkagua nguo, hakuwa amekunywa bado. Baba watoto alituangalia kwa mshangao: "Mama mwalimu, si tunaosha gari tu?"

Jioni, watoto walipolala, tulikaa naye tukaongea bila kugombana. Yale tuliyoongea ndiyo tunayowaletea hapa, maana magari ya zamani, pikipiki na mashine za kusaga ziko katika nyumba nyingi za kwetu, na anayefua nguo za kazi hiyo ni sisi.

Tuanze na esanse. Esanse hutoa mvuke hata wakati wa baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautapandi juu kama moshi. Unatambaa chini kama maji, bila kuonekana. Ukifika kwenye mbabula unashika moto, na moto unarudi mbio mpaka kwenye basani na mikono ya aliyeinama. Kwa hiyo hatua kumi si mbali. Mazutu na petroli ya taa nazo zinawaka, lakini katika baridi ya kwetu hazitoi mvuke mwingi namna hiyo. Kwa kulainisha mafuta ya zamani na gudro, mazutu inatosha. Esanse ibaki ndani ya tangi.

La pili ni soda kostike. Wamama wa sabuni wanaijua vizuri: tunaitia soda ndani ya maji, hatumwagi maji juu ya soda, kwa sababu itachemka na kuruka usoni. Mafundi wengine wanaitumia kutoa rangi kwenye chuma, na kweli inatoa. Lakini inakula aluminiyamu, kama vile inavyokula sufuria ukikosea kuichanganyia humo, na inapoila hutoa hewa inayoshika moto. Kabureta na vipande vingine vya moteri ni aluminiyamu. Msikubali soda ipelekwe kwenye gari bila fundi anayejua kutofautisha chuma na aluminiyamu.

La tatu ni dawa za madukani za kutoa rangi. Kama kwenye kopo pameandikwa diklorometani, iacheni dukani. Ikivutwa puani, mwili unaigeuza kuwa sumu ileile ya mbabula iliyofungiwa chumbani usiku, ile inayoua watu wakiwa usingizini. Marekani ilikataza 2019 kuwauzia watu wa kawaida dawa za rangi zenye kitu hicho.

La nne ndilo linalotusumbua zaidi sisi walimu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi. Neno hilo kwetu tunalisikia kwa namna nyingine, lakini hapa tunasema juu ya madini, yale Wafaransa wanayaita plombi. Tangu 1921 kulikuwa na mapatano ya kimataifa, yaliyofanyika Geneva, juu ya wachoraji wa nyumba na rangi nyeupe ya risasi, kwa sababu ilikuwa inawadhuru. Hata esanse ilitiwa risasi kwa miaka mingi. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, 2021. Gari la umri wa baba mkwe limepita katika nyakati hizo zote.

Risasi hiyo ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo akiimeza, mwili wake unaweza kunyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Mtoto hapati homa siku hiyo. Anaweza kuonekana mzima, kiisha baadaye anashindwa kutulia na kushika masomo, nasi darasani tunamwita mvivu. Vumbi la kukwangua rangi ndilo linaloingia kwa urahisi: liko chini, na mtoto anatambaa chini na kuweka vidole mdomoni.

Basi kazi ifanywe namna gani? Hivi ndivyo tulivyopatana, na fundi alikubali.

Moteri iwe baridi kabisa. Waya wa batri utolewe kwanza, ule wenye alama ya kutoa. Kabureta, alternata na mdomo wa kuingizia hewa vifungwe kwa mifuko ya plastiki. Shitingi ya zamani itandikwe chini ya gari ili kila kinachoanguka kianguke hapo.

Gudro ikwanguliwe asubuhi mapema. Baridi inaifanya iwe ngumu na kuvunjika vipande. Jua likipanda inakuwa kama ubani. Mtumie kipande cha mbao kilichochongwa, si kisu. Kiisha pakeni mazutu kwa burosi, ngojeni karibu dakika 20, msugue, muoshe kwa maji moto na sabuni. Mtarudia mara mbili au tatu. Uchafu wa miaka 40 hautoki kwa saa moja.

Kwenye rangi, msikwangue kavu na msiichome kwa moto kamwe. Ikichomwa inatoa moshi wenye sumu. Msasa utumike pamoja na maji, ili vumbi liwe tope. Na pahali ambapo rangi bado imeshika vizuri, iacheni. Baba watoto alitaka chuma chote kionekane king'ae, lakini fundi mwenyewe alimwambia kwamba rangi iliyoshika bado inalinda chuma, na mpya inaweza kupakwa juu yake.

Tope na mazutu chafu viwekwe ndani ya bidoni iliyofungwa na kuandikwa SUMU. Visimwagwe kwenye mawe. Hapa kwetu maji yanapenya upesi kati ya mawe, na chini yake ndiko tunakochota. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Aliyefanya kazi hiyo anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto au kula.

Watoto wasiwe pale. Tunajua wavulana wanapenda gari, na baba anafurahi kuwa na msaidizi. Amfundishe mambo ya moteri siku nyingine, ikiwa imeshakuwa safi.

Ikitokea bahati mbaya: dawa ikiruka machoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, ndipo mwende kwenye kituo cha afya. Mtoto akinywa esanse, mazutu au petroli, msimtapishe na msimnyweshe mafuta ya mawese wala maziwa ili atapike. Inaporudi juu inaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo inaua. Mpelekeni upesi kituoni pamoja na chupa yenyewe, hata kama anaonekana mzima.

Kwetu, basani ile imekuwa ya gari; shemeji ameichora msalaba mwekundu na inalala nje. Tumenunua nyingine ya mtoto. Kapo bado imefunguliwa, kazi imefika nusu, na maharage sasa yanapikwa upande wa pili wa nyumba.

Juma hili tunaomba kila kikundi kifanye jambo moja dogo. Kabla ya mkutano, kila mama apitie nyumba yake na kutafuta chupa ya Fanta au ya maji yenye kitu kisichonywewa. Aihamishie ndani ya bidoni, aandike jina, aipandishe juu. Kwenye mkutano kila mmoja aseme alikuta ngapi. Sisi tulikuta tatu.