Unasoma Nini Sasa? Mwambie Mwenzako

Tukikutana njiani tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba na za mvua. Ni desturi nzuri. Lakini ni lini mtu alikuuliza, "Unasoma nini siku hizi?" Katika vijiji vingi vya Ngara na Biharamulo swali hilo halisikiki. Mtu akipata kitabu kipya hukisoma peke yake usiku, kisha hukiweka sandukuni chini ya nguo. Jirani yake hajui kama kitabu hicho kipo. Mimi naona hiyo ni hasara, tena hasara ya mwenye kitabu kabla ya kuwa ya jirani.

Tuchukue mfano wa mgomba, kwa kuwa wengi wetu tunaujua.

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia mkoani Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata unakuta ndani zimeoza, haziliki. Ugonjwa huu huenezwa na nyuki na wadudu wengine wanaotua kwenye ua dume la mgomba mgonjwa. Huenezwa pia na panga, jembe na miche iliyotoka katika shamba lenye ugonjwa.

Sasa tuseme wewe umepata kijitabu kinachoeleza mambo hayo. Umekisoma vizuri. Umevunja maua dume mapema kwa kijiti chenye panda, bila kutumia panga. Panga lako unalipitisha motoni kabla ya kugusa shina jingine. Mgomba mgonjwa umeung'oa. Shamba lako ni safi. Lakini jirani yako hajasoma. Nyuki wanaotoka kwake hawajui mpaka wenu uko wapi. Na siku atakapokuja kukusaidia kazi, atakuja na panga lake. Je, kitabu ulichokifungia sandukuni kimekulinda?

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 katika nchi nzima walijiunga katika vikundi vya kujifunza. Hapakuwa na kitabu cha kila mtu wala redio ya kila nyumba. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza redio, kiongozi wa kikundi akasoma kitabu kwa sauti, wakajadiliana. Baada ya hapo walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba zao. Kitabu kimoja kilitosha kikundi kizima, na kazi ilionekana.

Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hapa Tanzania walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 walibaki kama 10 tu katika kila 100. Ilikuwa kazi kubwa. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa lilikuwapo hata gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililoanza kutolewa Mwanza mwaka 1974. Baada ya miaka hiyo idadi ya wasiojua kusoma ilipanda tena. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja kila mwalimu wa watu wazima anaijua: aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, husahau. Mtu alipata cheti, akakitundika ukutani, na baada ya miaka michache hawezi kusoma maneno yaliyomo.

Wako wanaosema, "Nikikiazima hakirudi." Kweli, vitabu vingine havirudi. Lakini nenda ukatazame vile vilivyofungiwa. Mchwa wamekula kurasa, panya wamejitengenezea kitanda. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watu 20 kimefanya kazi yake. Kilicholiwa na mchwa hakikufanya lolote.

Wengine husema tuzungumze vitabu vya kilimo na afya tu, hadithi tuwaachie watoto. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ng'ambo ya ziwa letu hili, alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata mchapaji. Ilibidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na miaka ikapita kama 35 ndipo kikachapishwa. Yeye alifariki mwaka 1981. Ndani yake kuna mume na mke wanaopendana, lakini hawajapata mtoto, na maneno ya ndugu wa mume yanaingia kati. Kisome darasani sura moja tu, uone kama watu watakwenda kulala mapema! Kila mtu atakuwa na la kusema, hata yule ambaye hunyamaza tangu mwanzo wa somo hadi mwisho.

Basi tufanyeje? Mwombe mwalimu wa darasa lenu atoe robo saa kabla ya somo. Kila mwenye kitabu au gazeti aseme: ninasoma hiki, nimekipata mahali fulani, nimefika ukurasa fulani, kinanipendeza au kinanichosha kwa sababu hii. Kusema kwamba kitabu kinachosha si kosa. Asome ukurasa mmoja kwa sauti. Asieleze mwisho wa hadithi, asije akawaharibia wenzake. Neno gumu lielezwe hata kwa Kihangaza, Kishubi au Kisukuma, almradi lieleweke. Mtu akitoka Mwanza, Kahama au Bukoba na kitabu kipya, siku hiyo hiyo wenzake wajulishwe. Mwenye simu anaweza kuwaandikia.

Nawakumbusha wanaume jambo moja. Kitabu kikiingia nyumbani, mara nyingi hushikwa na baba. Mama jioni yuko jikoni, na akimaliza kazi taa imezimwa. Msomee wakati anachambua maharage au anamenya mihogo. Bora zaidi, mpokee hiyo mihogo umenye wewe, naye akusomee.

Kuhusu kuazimana, daftari moja linatosha. Piga mistari. Andika jina la kitabu, mwenye nacho, aliyekiazima, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Mtu asiyejihusisha na ugomvi alitunze. Ukurasa wa kwanza uanze leo, kwa kitabu kile ulicho nacho nyumbani, hata kama bado hujakimaliza.