Kimya Chako Kina Bei

Ndugu zetu mlioko Uingereza, na nyinyi mlioko nyumbani mnaotusoma,

Tumezoea kubishana juu ya uchaguzi, katiba na nani kamuibia nani kura. Ni mambo ya maana. Lakini kuna siasa nyengine inayoingia kila mwaka kupitia tundu la barua mlangoni kwako, na hatuizungumzi: bima ya nyumba inayojihuisha yenyewe.

Utaratibu uko hivi. Unakata bima ya mwaka mmoja na unaacha namba ya kadi yako, au unafungua malipo ya dairekti debiti. Mwaka ukikaribia kwisha inakuja barua: bei mpya ni hii, huna haja ya kufanya chochote. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuogopa. Ukinyamaza, umekubali. Mkataba mpya wa miezi 12 unaanza, fedha zinakatwa, na ukitaka kutoka katikati unadaiwa ada ya kukatisha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makampuni ya bima yaliifuata methali hii vizuri kuliko sisi wenyewe. Mwaka wa kwanza mteja alipewa bei tamu, na kadiri alivyokaa ndivyo alivyopandishiwa. Mwezi Septemba 2018 shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi serikalini, likasema wateja waaminifu wanalipa zaidi ya pauni bilioni 4 kwa mwaka bila ya sababu katika masoko matano, na bima ya nyumba ilikuwa moja kati ya hayo. Mamlaka ya FCA, inayosimamia mwenendo wa makampuni ya fedha, ikachunguza na kukuta kuwa mwaka 2018 wateja milioni 6 wa bima za nyumba na za gari walikuwa wakilipa bei ya juu. Lau wangelipa bei ya wastani kwa hatari yao, wangeokoa pauni bilioni 1.2.

Matokeo yake ni kanuni zilizoanza tarehe 1 Januari 2022. Kampuni haina ruhusa tena kumtoza mteja wa zamani bei iliyo juu ya ile ambayo ingemtoza mteja mpya aliye kama yeye, aliyekuja kwa njia ile ile. Pia lazima impe njia nyepesi za kusimamisha uhuishaji huo. Na tangu Aprili 2017, barua ya kuhuisha lazima ioneshe bei ya mwaka uliopita kando ya bei mpya.

Sasa wapo wanaosema, basi sheria ipo, tulale. La hasha! Kanuni inazuia kampuni kukubagua na wateja wake wapya. Haiizuii kupandisha bei kwa wote, wala haikwambii kuwa kampuni ya jirani inauza nafuu zaidi. Hilo utalijua ukiuliza mwenyewe.

Ukishahuishiwa bila ya kutaka, zijue haki zako. Unazo siku 14 za kujitoa, zinazohesabiwa tangu mkataba mpya ulipoanza au ulipopokea karatasi zake, ipi iliyo ya baadaye. Ukijitoa ndani ya siku hizo, kampuni inaweza kukata gharama ya siku ulizokingwa, na pengine ada ndogo ya kazi. Siku 14 zikipita ndipo ada ya kukatisha inapouma, na ikiwa umeshadai fidia mwaka huo, aghlabu hurejeshewi kitu.

Wengi wetu hukimbilia benki na kufunga dairekti debiti wakidhani wamemaliza. Hilo halikatishi mkataba. Deni linabaki na barua za madai zinafuata. Iandikie kampuni kwanza, pata jibu, kisha ndipo ufunge malipo. Na usikatishe bima ya jengo kabla ya kupata nyengine kama una mkopo wa nyumba, kwani mkopeshaji ameiweka kuwa sharti. Kumbuka vilevile kuwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi mara nyingi ni mkopo wenye riba.

Kuna jambo linalotuhusu sisi khasa. Sisi ni watu wa safari. Tunakwenda nyumbani kwa harusi, kwa msiba au kumuuguza mzee, na mwezi unageuka miwili. Mikataba mingi inapunguza kinga nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30, mengine 60. Barua ya kuhuisha inafika huku wewe uko Unguja au Mombasa. Bima inajihuisha kwa maelezo ya miaka mitatu nyuma, na bomba likipasuka unaambiwa hukusema kweli. Bima imelipwa, lakini kinga haipo.

Watetezi wa utaratibu huu wanasema unamlinda msahaulifu asibaki bila ya bima nyumba ikiungua. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini dawa yake ni kumuuliza mteja siku anapokata bima: unataka ijihuishe, ndiyo au hapana? Ridhaa inayotokana na kimya si ridhaa, na anayeumia zaidi ni mzee asiyesoma Kiingereza, anayemsubiri mjukuu aje Jumapili amfungulie barua.

Jumuiya zetu zina kamati za misiba na za karamu za Idi. Haziwezi kuwa na vijana wawili wa kuwasomea wazee barua zao? Na anayedhulumiwa alalamike kwa maandishi. Kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Usiporidhika, una miezi 6 ya kulipeleka kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa migogoro ya fedha, ambaye hamtozi mlalamikaji hata senti moja.

Nanyi mlioko nyumbani msicheke. Bima zinaingia huko pia, na Tanzania ina TIRA, mamlaka iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Jueni kuwa kanuni za 2022 hazikuletwa na huruma ya makampuni. Zililetwa na watu waliolalamika kwa hesabu mkononi, mwaka hadi mwaka, mpaka mamlaka ikasikia.

Barua ikija, ifungueni siku hiyo hiyo.