Je, kikundi cha wafugaji kinahitaji 'aplikesheni' yake?

Katika mikutano ya vikundi vya wafugaji siku hizi, ajenda ya 'mengineyo' haiishi bila mjumbe mmoja kusimama na kuuliza: wenzetu wana aplikesheni yao, sisi yetu iko wapi?

Swali hilo si la mzaha. Nyuma yake kuna fedha za ada zilizochangwa kidogo kidogo na watu ambao wengine waliuza trei za mayai ili kuzipata. Likijibiwa vibaya, kinachopotea ni fedha ya chanjo na ya chakula cha vifaranga, na mara nyingi imani ya wanachama kwa viongozi wao huondoka nayo.

Aplikesheni ni programu ambayo mwenye simu ya kisasa huipakua kwenye intaneti na kuihifadhi ndani ya simu yake. Wanaoitaka kwa ajili ya kikundi wana hoja za msingi, na ni haki kuanza na hoja zao.

Vikundi vingi hivi sasa hukutana WhatsApp. Humo swali la mfugaji ambaye kuku wake wanahara linazikwa na salamu za asubuhi, picha za harusi na matangazo ya mikopo. Jibu zuri alilolitoa mtaalamu miezi sita iliyopita halionekani tena, hivyo swali lile lile huulizwa upya kila wiki. Namba za simu za wanachama ziko wazi kwa kila aliyemo, akiwamo dalali aliyejipenyeza. Tena, kundi moja la WhatsApp lina ukomo wa watu 1,024.

Kero hizo ni za kweli. Suala ni kama dawa yake ni aplikesheni.

Historia ya hapa Afrika Mashariki inatufundisha jambo. M-Pesa ilipoanzishwa Kenya na Safaricom mwaka 2007, na kufika Tanzania kupitia Vodacom mwaka 2008, haikumtaka mteja awe na simu ya gharama. Ilipita katika menyu ya laini ya simu na ujumbe mfupi, hivyo mwenye kitochi alituma fedha sawa na mwenye simu ya bei mbaya. Safaricom ilizindua aplikesheni kubwa ya M-Pesa mwaka 2021, yaani miaka 14 baada ya huduma kuanza, ikiwa tayari na mamilioni ya wateja.

Kwa maneno mengine, huduma ilitangulia na wateja wakaizoea. Vikundi vingi vinataka kwenda kinyumenyume, kwamba aplikesheni itengenezwe kwanza ndipo wanachama watafutwe wa kuitumia.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na zizi. Huduma ya iCow, iliyobuniwa na Su Kahumbu wa Kenya na kuanza mwaka 2011, ilimsaidia mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kufuatilia siku za joto na mimba ya ng'ombe wake. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na anayeikosa siku hiyo hulazimika kusubiri wiki tatu nyingine. Huduma hiyo ilipita katika ujumbe mfupi kwenye simu ya kawaida, kwa sababu alichohitaji mfugaji ni kukumbushwa kwa wakati.

Tuje kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji. Adui yao mkubwa ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kinachoweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Kinga yake inajulikana: chanjo ya tone jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wengi hupoteza kuku si kwa kutoijua chanjo, bali kwa kusahau tarehe au kukosa wenzao wa kugawana nao chupa moja.

Ujumbe mfupi hubeba herufi 160. Tazama huu: 'Kumbusho: Jumamosi ni chanjo ya kideri. Tone moja jichoni kwa kila kuku. Chanjo iko kwa katibu saa 1 asubuhi. Njoo na idadi ya kuku wako.' Huo haufiki herufi 140, na unamfikia hata bibi mwenye simu ya tochi isiyo na bando wala intaneti.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue mfano wa kikundi chenye wanachama 300, kila mmoja akilipa ada ya Sh2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh7.2 milioni. Tuseme mtengenezaji anataka Sh8 milioni. Kikundi kitakuwa kimetoa ada yote ya mwaka na kubaki na deni la Sh800,000 kabla mtu mmoja hajapakua chochote.

Upande wa pili, tuseme ujumbe mfupi mmoja unanunuliwa kwa Sh25. Ukituma ujumbe mara nne kwa mwezi kwa wanachama wote 300, unatumia Sh30,000 kwa mwezi, au Sh360,000 kwa mwaka. Fedha ile ile ya aplikesheni ingelipia ujumbe kwa miaka 22. Msomaji aweke bei za mahali alipo, lakini pengo litabaki kubwa.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Gharama ya kutengeneza ni ya mwanzo tu. Kufungua akaunti ya kuweka programu katika soko la Google ni Dola 25 za Marekani mara moja, na kwa Apple ni Dola 99 kila mwaka. Hizo si fedha nyingi. Mzigo uko katika matunzo.

Google huzitaka programu zilizo sokoni ziendane na matoleo mapya ya Android, na ile isiyoboreshwa huacha kuonekana kwa wenye simu mpya. Anayefungua akaunti mpya ya binafsi hutakiwa kwanza kuijaribu programu yake na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Apple nayo hukataa programu ambayo ni tovuti tu iliyovalishwa nguo nyingine. Maana yake ni kwamba kikundi kinahitaji fundi wa kudumu. Kijana aliyeitengeneza akipata ajira mjini na kuzima simu, aplikesheni hufa taratibu nayo ada ya wanachama ikiwa ndani yake.

Lipo pia suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitunza kwa usalama. Jukumu hilo halianzi na aplikesheni, lakini aplikesheni inayohifadhi majina, namba, mahali banda lilipo na mapato ya mwanachama hulifanya kuwa zito. Kamati ijiulize ni nani atajibu siku taarifa hizo zikivuja.

Je, ina maana aplikesheni hazifai kwa mkulima? La hasha. Zipo kazi ambazo ujumbe mfupi hauziwezi. Mfano mzuri ni Nuru, programu ya PlantVillage iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Mkulima anaelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, na programu inamwambia kama kuna dalili za batobato au michirizi ya kahawia, hata akiwa shambani pasipo na mtandao.

Hapo aplikesheni ina sababu ya kuwapo. Inatumia kamera, inafanya kazi bila intaneti na inatoa jibu ambalo menyu ya simu haiwezi kulitoa. Lakini angalia ni nani aliyeitengeneza: taasisi zenye watafiti na bajeti, kwa ajili ya wakulima wa nchi kadhaa. Kikundi cha kata moja kinaweza kuitumia bure bila kutengeneza yake.

Kwa kero ya majibu kupotea WhatsApp, ipo njia ya kati. Kikundi kinaweza kuwa na tovuti nyepesi yenye majibu yaliyopangwa kwa mada: vifaranga, chakula, magonjwa, masoko. Inafunguka kwenye simu yoyote yenye intaneti, haijazi nafasi, na mwanachama anaweza kuiwekea alama kwenye uso wa simu yake ikafunguka kwa mguso mmoja kama aplikesheni. Katibu akilihamishia humo jibu moja zuri kila wiki, baada ya mwaka kikundi kina maktaba ya majibu zaidi ya 50. Ni kazi ya nidhamu kuliko ya fedha.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga kura, wanachama waiulize kamati maswali manne. Wangapi kati yetu wana simu za kisasa na bando la kila wiki? Ni kazi gani ambayo ujumbe mfupi, WhatsApp na tovuti nyepesi vimeshindwa kuifanya? Nani ataitunza mwaka wa pili na wa tatu, na kwa fedha ipi? Na je, hakuna iliyokwisha kutengenezwa tunayoweza kuitumia?

Kikundi chenye majibu ya kuridhisha kwa yote manne kiende kikaitengeneze, na tutakipongeza. Kisicho na majibu kianze na ujumbe wa Jumamosi kuhusu chanjo. Kuku wakipona kideri, ada italipwa kwa moyo mmoja, na mjadala wa aplikesheni utakuja siku ambayo kikundi kina cha kuwekeza.