Ufunguo wa Hazina Mkononi mwa Mkaguzi



Ijumaa ya tarehe 9 Agosti 2024, tulipotoka msikitini hapa Nyashimo, hatukuzungumzia bei ya pamba wala uhaba wa mvua kama ilivyo ada yetu. Mzee mmoja muuza dagaa, mwenye jamaa zake ng'ambo ya ziwa, alikuja na habari aliyoisikia redioni: Kenya imemwapisha Waziri mpya wa Fedha, naye ni mtu wa Suba, pwani ya ziwa hilihili tunalovua sisi. "Safari hii wamepewa hazina," alisema, na uso wake ulijaa furaha. Nilimuuliza kama wamepewa au wamekabidhiwa. Alicheka, akasema masheikh hatukosi neno.

Ndugu msomaji, tofauti ya maneno hayo mawili si ndogo. Kinachopewa ni zawadi, na mwenye zawadi haulizwi. Kinachokabidhiwa ni amana, na mwenyewe yupo, anasubiri hesabu.

Tukumbushane yaliyotangulia. Serikali ya Kenya ilipeleka bungeni Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 kwa nia ya kukusanya kodi mpya zipatazo shilingi bilioni 346 za Kenya. Vijana waliingia barabarani kuupinga, na tarehe 25 Juni wakaingia hadi ndani ya majengo ya Bunge. Makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano ya siku zile. Rais William Ruto alikataa kuutia saini muswada huo, na tarehe 11 Julai akalivunja karibu Baraza zima la Mawaziri. Kisha akaunda serikali iliyoitwa jumuishi, akawaingiza watu wanne wa chama cha upinzani cha ODM, kilichokuwa kikiongozwa na Raila Odinga, ambaye alifariki dunia Oktoba 2025. Mmoja wa wanne hao, John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama hicho, ndiye aliyepewa Wizara ya Fedha mahali pa Profesa Njuguna Ndung'u.

Kwa upande wa sifa, sina la kumlaumu. Mbadi ni mhasibu kwa taaluma, alikuwa mbunge kuanzia mwaka 2007 hadi 2024, na alihojiwa na Bunge kabla ya kuapishwa kama Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inavyotaka. Sisi Waislamu tunakijua kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliyeomba mwenyewe kusimamia hazina ya Misri kwa hoja mbili tu, kwamba ni mtunzaji na kwamba ana ujuzi. Hakutaja kabila lake wala baba yake, ingawa baba yake alikuwa Mtume. Tena aliitumikia serikali ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, kwa hiyo wanaosema kwamba kuingia katika serikali ya wengine ni usaliti kwa kila hali, nawaomba waisome tena sura hiyo. Na kinyume chake tunaye Abu Dharr, swahaba mkweli na mchamungu, aliyeomba uongozi akanyimwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa sababu uongozi ni amana naye ni dhaifu kwa mzigo huo. Basi wema pekee hautoshi, sembuse uaminifu kwa chama.

Taabu yangu iko pengine. Kabla ya kuwa waziri, Mbadi alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, yaani ndiye aliyekuwa akiwaita watendaji wa serikali na kuwauliza fedha za umma zimekwenda wapi. Mabunge mengi yenye asili ya Uingereza huwapa upinzani kiti hicho kwa makusudi, ili anayeshika fedha asiwe ndiye anayejikagua. Hapa kwetu, Novemba 2014, kamati kama hiyo chini ya Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani wakati ule, ndiyo iliyowasilisha bungeni ripoti ya akaunti ya Escrow ya Tegeta, na mawaziri wakaondoka. Sasa mkaguzi akikabidhiwa ufunguo wa ghala, ni nani atakayesimama mlangoni? Kiti alichokiacha kilibaki upande wa wachache bungeni, na chama kikubwa upande huo ni ODM hiyohiyo. Viongozi wake walisema kwamba hawamo katika muungano, wametoa wataalamu tu. Lakini tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Raila walitia saini makubaliano ya ushirikiano.

Mseto wa zamani haukuwa hivyo. Katika serikali ya Kibaki na Raila ya mwaka 2008, fedha ilibaki upande wa Rais, kwa Amos Kimunya. Ilipozuka kesi ya kuuzwa kwa hoteli ya Grand Regency, wabunge wa pande zote mbili walipitisha hoja ya kutokuwa na imani naye, na tarehe 8 Julai 2008 akajiuzulu. Tume iliyoundwa ikamsafisha, na Januari 2009 akarudi barazani katika wizara nyingine, huku fedha ikienda kwa Uhuru Kenyatta. Zanzibar nako, Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya mwaka 2010 iliwaacha fedha mikononi mwa CCM, kwa Omar Yussuf Mzee. Siseme kwamba utaratibu ule ulikuwa bora. Nasema kwamba kisa cha Kimunya kinaonyesha washirika wanaweza kuulizana, wakitaka.

Desemba 2024 sheria ya marekebisho ya kodi ilipita Nairobi, na ndani yake yalirudi baadhi ya yale yaliyokuwamo katika muswada uliokataliwa. Huenda hapakuwa na njia nyingine, maana madeni yale waziri huyu hakuyakopa yeye. Lakini sauti iliyozoea kuuliza kwa nguvu sasa ilikuwa ndiyo inayojibu.

Nayasema haya kwa kuwa niliyaona kwa kipimo kidogo. Miaka mingi iliyopita, katika mji mwingine nilikokuwa nikisomesha madrasa, makundi mawili yaliyogombania ujenzi wa msikiti yalipatanishwa. Moja lilichukua uenyekiti. Lingine, lililokuwa likidai hesabu kila Ijumaa, likapewa uweka hazina. Mweka hazina alikuwa mtu mwaminifu, na hadi leo siamini kwamba alikula hata senti moja. Ila tangu siku ile hesabu haikusomwa tena hadharani. Wa upande wa mwenyekiti hawakuuliza kwa kuchelea kuivunja suluhu, na wenzake hawakuuliza kwa kuwa ni mtu wao. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati, nami sikuuliza.

Aliyeuliza ni bibi mmoja aliyekuwa akileta shilingi mia mbili kila wiki. Alisimama mlangoni baada ya sala, akataka kujua yamenunuliwa mabati mangapi. Aliambiwa asubiri kikao. Kikao kilikaa baada ya Ramadhani, daftari likafunguliwa, na kurasa za miezi minane hazikuwa na maandishi.