Jiwe Lisilo na Kwao

Wako watu wasemao kwamba jiwe ni jiwe, na kwamba mwenye kuokota vipande adimu vya madini katika migodi iliyokufa hamdhuru mtu. Mimi nasema anadhuru.

Tuitazame Mpanda. Reli kutoka Kaliua, ya kilomita 210 hivi, ilifika huko mwaka 1950, hasa kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Mukwamba. Kampuni ya Uruwira Minerals iliichimba, na mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Jiwe lenyewe huitwa galena: la kijivu, zito mara saba na nusu kuliko maji, lipasukalo kwa umbo la mchemraba. Fedha imo ndani yake, lakini jicho haliioni mpaka moto uitenge na risasi.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Galena ya Mpanda na galena ya ng'ambo hufanana machoni kama pacha. Kinachozitofautisha kwa mtazamaji ni maandishi: limetoka shimo gani, lini, na nani alilitoa. Atwaaye jiwe akaacha habari zake ametwaa mwili akaitupa roho.

Nitajibiwa kwamba mkusanyaji ameliokoa jiwe lisisagwe likawa kokoto. Ni kweli, wala simnyimi shukrani. Lakini kilichookolewa bila jina kimezikwa mara ya pili.

Kongsberg, katika Norwei, fedha ilichimbwa tangu 1623 hata 1958. Leo mtoto wa mji ule huingia makumbusho ya kwao akaziona nyuzi za fedha zilizotoka katika vilima vyao. Dodoma tunayo makumbusho ya jiolojia, na ni jambo jema. Lakini mtoto wa Mpanda aende safari yote hiyo kulitazama jiwe la nyumbani kwake?

Sisi wana wa lugha hatupokei neno la mzee bila kuandika kijiji chake. Mbona jiwe tunalipokea kama yatima? Madini ni mali ya umma. Basi atakaye kukusanya na aombe ruhusa, aandike mistari mitatu, na katika kila vipande viwili aache kimoja Mpanda. Asiyekubali masharti hayo asijiite mkusanyaji. Jina lake ni mpotezaji.