Gari Kutoka Kiwandani: Likiharibika, Utamshika Nani?



Juma lililopita mke wa sajini mmoja alinijia ofisini, uso umemkunjamana. Mumewe amerejea kutoka ulinzi wa amani nchini Somalia, naye amekata shauri kwamba akiba yote ya huko itanunua gari. Hataki wauzaji wa mjini. Ataagiza mwenyewe ng'ambo kwa njia ya intaneti. "Anasema mtu wa kati ni mnyonyaji," mama yule alinieleza. "Mimi nauliza, likifika bovu nitamshika nani?"

Swali hilo si dogo, wala si la nyumba moja. Huko Marekani limebishaniwa mabungeni na mahakamani kwa miaka mingi, na mabishano hayo yana funzo kwetu.

Kwa desturi ya Marekani, anayetaka gari jipya haendi kiwandani. Huenda kwa wakala wa mjini kwake, mfanyabiashara aliyepewa idhini ya kuuza na kutengeneza magari ya kampuni fulani. Mwanzoni mpango huu uliwafaa sana wenye viwanda, kwani wakala ndiye aliyetoa mtaji, akajenga duka na gereji, na kuyalipia magari kabla hayajapata mnunuzi. Lakini mwenye kiwanda alikuwa na nguvu mno. Biashara ilipodorora mwaka 1920 na 1921, Henry Ford aliwapelekea mawakala wake magari ambayo hawakuyaagiza, akadai fedha taslimu; aliyekataa alihatarisha uwakala wake. Miaka ilivyopita, majimbo yalitunga sheria za kuwakinga mawakala, na mwaka 1956 Bunge la nchi nzima likawapa haki ya kuishtaki kampuni isiyowatendea kwa uaminifu. Majimbo mengi yalifika hata kuwakataza wenye viwanda wasimuuzie mwananchi moja kwa moja.

Ndipo ikaja Tesla, kampuni ya magari ya umeme iliyoanzishwa mwaka 2003. Yenyewe haikuweka mawakala. Ilifungua maduka yake, ikapokea maagizo kwa intaneti, kwa bei isiyo na mapatano. Mawakala wa kampuni nyingine walipinga vikali. Mwaka 2014 jimbo la Michigan, ambako ndiko uliko mji wa magari wa Detroit, lilikaza sheria yake. Tesla ilikwenda mahakamani mwaka 2016, na mwaka 2020 pande mbili zikapatana: mwenyeji wa Michigan aliruhusiwa kupelekewa gari lake na kutengenezewa humo humo, ila hati ya umiliki ianzie katika jimbo jingine.

Je, nani mwenye haki? Kila upande una neno lake. Tangu mwaka 1958 sheria ya Marekani inataka kila gari jipya libandikwe bei dirishani, lakini kwa wakala bei hiyo si ya mwisho. Ajuaye kupatana huweza kupunguziwa, na asiyejua hulipa zaidi. Anayeuziwa na kiwanda huokoka na adha hiyo. Mawakala nao hujibu kwamba wao ni majirani wa mnunuzi, kwamba wakishindana bei hushuka, na kwamba gari likiharibika mlango wao unajulikana.

Tena bei moja si bei ya kudumu. Mwezi wa Januari 2023 Tesla ilipunguza bei ghafla, na huko China watu walionunua muda mfupi kabla walikusanyika madukani mwake kulalamika. Muuzaji akiwa mmoja, ndiye apangaye na ndiye apanguaye.

Basi funzo ni hili: mtu wa kati akiondoka, kazi yake haiondoki naye. Kukagua, kusafirisha, kutengeneza na kusikiliza malalamiko ni kazi ambazo lazima ziwe na mwenyewe. Kiwanda kisipozichukua, zitamwangukia mnunuzi.

Sasa nirudi kwa afande wetu. Kwanza, atambue kwamba muuzaji wa magari yaliyotumika huko Japani si kiwanda. Naye ni mtu wa kati, tena aliye mbali. Kumwendea si kosa, ila asidhani amemwepuka dalali. Pili, asitazame bei ya gari peke yake, bali ajumlishe nauli ya meli hadi Mombasa, ushuru, safari ya kutoka bandarini hadi kwetu, na usajili. Tatu, adai ripoti ya ukaguzi kwa maandishi kabla ya kulipa, na asitume fedha katika akaunti yenye jina lisilolingana na lile la kampuni iliyoandika hati ya madai. Nne, amwulize fundi anayemwamini kama vipuri vya gari hilo vinapatikana hapa.

Hayo yote nilimwandikia mama yule katika karatasi moja, nikamwomba waisome pamoja na mumewe, maana akiba hiyo ni ya nyumba nzima: mume aliitafuta vitani, na mke aliwalea watoto peke yake muda wote huo. Wahenga walituachia neno: mali bila daftari huisha bila habari. Fedha ikiwa bado mkononi, kuuliza hakugharimu kitu.